Tangi Limeinuliwa, Pikipiki Inasumbua: Kutafuta Chanzo na Kuchagua Vyuma Vinavyofaa

Wateja wanaoniletea kruza (pikipiki nzito ndefu za kukaa chini) baada ya kuinua tangi huanza na maneno yaleyale: "Fundi, kabla ya hivi vyuma ilikuwa nzima kabisa." Nawaamini. Injini haijaguswa, kabureta haijafunguliwa, waya hazijakatwa. Kilichobadilika ni mkao wa tangi, na shida karibu zote nitakazozieleza hapa zinatoka humo.

Seti ya kuinulia tangi ni kitu kidogo. Ni braketi ya chuma inayofungwa mbele, karibu na shingo ya fremu, ikapandisha masikio ya tangi (vishikio vyenye tundu la bolti) inchi moja, moja na nusu, mbili, mara nyingine hata tatu. Nyuma bolti inabaki palepale. Pikipiki inapata umbo la chopa: tangi limenyanyua pua, vichwa vya injini vinaonekana, na mstari kutoka siti mpaka usukani unapanda. Umbo hilo nalipenda sana, na simkatazi mtu.

Ila tuelewane jambo moja kabla ya kushika spana. Ukiinua mbele tu, tangi hujalipandisha, umelizungusha kwenye bolti ya nyuma. Chukua tangi ambalo kati ya bolti ya mbele na ya nyuma kuna milimita 400. Inua mbele milimita 50, yaani kama inchi mbili, na tangi limelala kwa digrii saba na kidogo. Inua inchi moja, ni digrii tatu na nusu. Mafuta hayafuati tangi. Yanabaki usawa wa maji. Kwa hiyo mafuta yote yanasogea nyuma, na kila tundu, mpira na waya uliokuwa chini ya tangi umeachwa mahali ambapo mtengenezaji hakuupanga.

Jingine ni usalama. Mvuke wa petroli unashika moto katika joto lolote la Dar es Salaam, asubuhi au usiku, na ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini. Karakana zetu nyingi ziko ubavuni mwa mama lishe mwenye jiko la mkaa. Ukitaka kufungua mpira wa mafuta, sogeza pikipiki mbali na jiko, acha injini ipoe, chomoa waya wa betri wa hasi. Nasema hivi kwa sababu nimeona fundi anamwaga mafuta kwenye beseni huku chai inachemka hatua nne pembeni yake.

Inazimika wakati tangi lina mafuta

Hii ndiyo inayoleta watu wengi, na ina vyanzo vinne vinavyofanana kwa nje. Usianze kubadilisha vitu. Kwanza angalia saa: inazimika lini?

Kama inawaka vizuri, inaunguruma dakika moja au mbili, kisha inafifia na kufa, na ukiiacha kidogo inawaka tena kwa muda uleule, basi bakuli la kabureta linajaa taratibu kuliko linavyoisha. Mafuta hayapiti vya kutosha. Fuata mpira kwa vidole, usitegemee macho peke yake. Tangi likizunguka, koki (bomba la chini ya tangi la kufungulia mafuta) nayo inazunguka, na mpira uliokuwa umeshuka kwa upinde mzuri sasa unatoka kwenye koki kwa kona. Ukiubonyeza utausikia: sehemu nyingine ina duara, pale kwenye kona ni bapa kama kamba ya kiatu. Mara nyingi kona hiyo imejificha nyuma ya kichwa cha silinda, na injini ikipata moto mpira unalainika, unajikunja zaidi. Ndiyo maana asubuhi haisumbui, inasumbua saa nane mchana kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro.

Dawa yake ni mpira mpya mrefu kidogo, wa kipenyo kilekile, ulioandikwa kuwa ni wa mafuta. Mpira wa maji unaouzwa kwa mita utavimba na kupasuka. Ukate, uufunge, halafu zungusha usukani pande zote mbili na uangalie kama unagusa ekzosi au kichwa cha silinda. Ukigusa chuma cha moto, petroli itachemka ndani ya mpira kabla haijafika kabureta, na utarudi kwenye dalili ileile huku ukiapa kwamba mpira ni mpya.

Kuna kruza ambazo koki yake inafunguliwa na mvuto wa injini kupitia kimpira chembamba, kama Sportster za Harley-Davidson za kabureta za mwishoni mwa miaka ya 1990. Hicho kimpira kifupi ndicho cha kwanza kuvutika tangi likiinuliwa. Kikichomoka au kikipata ufa, koki haifunguki vizuri, na hapohapo injini inanyonya hewa ya ziada na kuunguruma ovyo. Kupima ni rahisi: nunua bomba la sindano duka la dawa, liunge kwenye kimpira, vuta. Mafuta yakitiririka kwenye chupa bila kusita, koki ni nzima na tatizo ni kimpira. Yasipotoka, koki yenyewe imechoka.

Kama pikipiki inakwenda kilomita kadhaa ndipo inakufa, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia "fyuu" na baada ya hapo ikawaka na kwenda, tangi halipumui. Matangi mengi yana kimpira cha hewa kinachoshuka chini ya tangi, na braketi mpya inaweza kukibana kwenye fremu bila mfungaji kujua. Kitafute, kiachie, kipe nafasi. Usitoboe kifuniko, kwa sababu mvua ya masika itaingia humo na utakuwa umenunua tatizo jingine.

Ya nne ndiyo iliyonipata mwenyewe. Nilikuwa na kruza iliyotumika, ya kutoka Japani, koki yake iko karibu na katikati ya tangi. Nikainua mbele inchi mbili, nikafunga vizuri, nikazunguka mjini wiki nzima bila shida. Siku moja jioni napanda Goba, robo ya tangi imo, ikakata moto katikati ya mlima. Nikaitikisa, nikasikia mafuta yanacheza nyuma ya tangi, karibu na siti. Nikaigeuza ikatazama mteremko, nikasubiri kama dakika mbili, nikawasha. Ikawaka mara ya kwanza.

Hesabu yake ni hii. Tangi limelala digrii saba kwa sababu ya vyuma. Mlima wenye mwinuko wa digrii saba unaongeza nyingine saba. Kwenye urefu wa milimita 400, tofauti ya usawa wa mafuta kati ya mbele na nyuma inafika sentimita kumi. Mafuta yote yalikuwa nyuma ya koki na hayakuwa na njia ya kufika mbele. Ukiona inazimika mlimani au ukitoka kwa kasi kwenye taa, lakini tambarare haina neno, hapo ndipo pa kuangalia, na hakuna mpira wala filta itakayokusaidia. Ama ushushe braketi, ama uinue na nyuma pia ili tangi lirudi usawa wake.

Matangi mengine yamegawanyika chini kwa sababu yamekaa juu ya fremu kama matandiko ya punda, na pande mbili zimeunganishwa na kimpira. Kama kimpira hicho kipo mbele na umeinua mbele, upande usio na koki utabaki na mafuta yake peke yake. Dalili yake inafanana na yangu ya Goba, ila ukiilaza pikipiki upande wa koki, mafuta yanavuka na inawaka.

Rizavu (mafuta ya akiba) inaisha mapema

Watu hushangaa hapa, hasa wenye Sportster ya kabureta ambayo koki iko nyuma kushoto. Wamesikia kwamba kwao kuinua tangi hakuna madhara kwa sababu mafuta yanakimbilia kwenye koki. Ni kweli, mafuta yatakayobaki bila kutumika ni machache. Lakini ndani ya koki kuna vijiti viwili, kirefu cha kawaida na kifupi cha rizavu. Rizavu yako ni yale mafuta yaliyo kati ya ncha za vijiti hivyo. Tangi likiwa limelala nyuma, yale mafuta ya mwisho yanakuwa kabari: kina nyuma, hakuna kitu mbele. Kina kinachosomeka kwenye koki ni kilekile, ujazo umepungua sana.

Mtu aliyezoea kwamba akigeuza koki anafika nyumbani Mbagala, sasa anaishia Mtoni. Kwenye Forty-Eight, Sportster yenye tangi dogo la lita 7.9, hilo linauma zaidi. (Jina la pikipiki hiyo, iliyotoka mwaka 2010, linakumbuka 1948, mwaka ambao tangi la umbo lile la karanga lilianza kuonekana kwenye Harley-Davidson.) Yenyewe ina injeksheni (pampu husukuma mafuta kwenye injini, hakuna kabureta) na haina koki ya rizavu, ina taa, ila hesabu ya kabari ni ileile: taa ikiwaka, usitegemee umbali uliouzoea. Jaza, weka kilomita kwenye sifuri, na upime upya mwenyewe.

Mafuta yanavuja kwenye kifuniko

Umejaza tangi, umeegesha Posta juani, unarudi saa saba unakuta rangi ya tangi imechorwa mstari wa mafuta kuanzia kifuniko. Petroli hupanuka takribani sehemu moja katika elfu kwa kila digrii moja ya joto. Lita kumi zilizotoka kwenye hodhi la chini ya ardhi zikipanda digrii 15 ndani ya tangi jeusi, zinaongezeka karibu mililita 140, zaidi ya nusu glasi. Hayo yalikuwepo tangu zamani. Jipya ni kwamba tangi likinyanyua pua, sehemu ya juu kabisa iko mbele ya kifuniko, na hewa inanaswa pale. Haina pa kutokea. Ikipata joto inatanuka na kusukuma mafuta kupitia mahali pekee palipo wazi, yaani kifuniko.

Sheli, simamisha pikipiki wima usiilaze kwenye stendi ya pembeni, na mwambie mhudumu aache nafasi ya vidole viwili. Kama inaendelea kuvuja hata ukifanya hivyo, raba ya kifuniko imekufa, badilisha.

Harufu ya petroli, lakini huoni inapotoka

Usiendeshe. Narudia, usiendeshe hata kwenda karakana ya mtaa wa pili, isukume.

Alikuja kijana na kruza iliyoinuliwa, harufu tupu, kila mahali pakavu. "Kaka, nimeangalia koki, nimeangalia mpira, sioni kitu." Tulitoa siti, tukafuta nyuma ya tangi kwa kitambaa, nikapaka unga wa chaki pale sikio la nyuma linapochomelewa kwenye tangi. Baada ya dakika tano chaki ilikuwa na mstari mweusi mwembamba kama unywele, wa urefu wa ukucha. Ufa. Tulipofungua bolti ya nyuma, tangi liliruka juu kwa kishindo. Lilikuwa limefungwa kwa nguvu huku limejikunja.

Nieleze kwa nini, kwa sababu hapa ndipo seti nzuri inapotengana na mbaya. Tangi la milimita 400 kati ya bolti zake ukiliinua mbele milimita 50 moja kwa moja juu, umbali mpya kati ya matundu ya fremu ni milimita 403. Tatu zimezidi. Ukiinua 25, inazidi chini ya moja. Milimita tatu ni nyingi kwa chuma, bolti haiingii. Mfungaji asiye na subira anaingiza bisibisi, anabenua, anagonga, bolti inaingia. Juu ya hapo sikio la nyuma sasa limelala digrii saba wakati kitako chake kwenye fremu kiko palepale, na yeye anakaza mpaka vikutane. Toka siku hiyo lile sikio linavutwa usiku na mchana, na kila tuta linaongeza. Petroli ya lita 12 ni kama kilo tisa. Inarushwa juu na chini kwenye bati lenye unene usiofikia milimita mbili.

Braketi iliyotengenezwa kwa hesabu ama imeegemea nyuma kidogo ili kufidia hizo milimita, ama ina tundu refu linaloruhusu bolti kutafuta mahali pake. Na nyuma kunatakiwa bushi ya raba inayokubali kulala, au washa ya kabari. Namna ya kujua kama tangi lako halijakunjwa: legeza bolti ya nyuma taratibu. Likibaki limetulia, vizuri. Likisogea au kuruka, funga upya.

Tangi lenye ufa usilipeleke kwa mchomeleaji wa geti na madirisha. Tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa, na cheche moja inalilipua. Kazi hiyo ni ya fundi wa matangi anayejua kulisafisha na kuondoa mvuke wote kwanza. Ufa ukiwa kwenye sikio la nyuma, mara nyingi nashauri kutafuta tangi jingine.

Tangi linatetemeka au kugongagonga

Hapa sichukui muda. Shika tangi kwa mbele, litikise kushoto na kulia. Likicheza, ama bushi za raba hazikurudishwa, ama bolti za zamani zimetumika na zimekuwa fupi. Bolti ikishapita nati inatakiwa ionyeshe nyuzi mbili tatu. Weka nati ya kujifunga yenye plastiki ndani, usiweke ya kawaida. Likiwa halichezi lakini linavuma ukifika mwendo fulani, raba zimekazwa mpaka zimekuwa bapa na hazifanyi kazi. Sportster za mpaka mwaka 2003 injini yake imefungwa kwenye fremu bila raba, kwa hiyo kwenye hizo bushi za tangi hazina mjadala.

Usukani unagusa tangi, au mlio unapanda ukikata kona

Kugusa kunaonekana: rangi imekwanguka, au tangi limebonyea. Watu wanakuja kwa sababu ya rangi. Ninachokiogopa mimi ni dole gumba kubanwa kati ya usukani na tangi wakati unageuza kwenye kona kali, mkono uko kwenye klachi na huwezi kuutoa.

Mlio kupanda ni mbaya zaidi. Washa injini, pikipiki ikiwa imesimama, bila gia. Kata usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Mlio wa injini usibadilike hata kidogo. Ukipanda, kebo ya mafuta (ile inayotoka kwenye mshiko wa kuongezea kasi) imebanwa au imevutika, kwa kuwa ile nafasi iliyokuwa ikipitia mbele ya tangi sasa imejaa braketi. Mtu akigeuza pikipiki kwenye uchochoro wa Kariakoo katikati ya watu, inamrukia. Pitisha kebo njia nyingine au badilisha iliyo ndefu, na usiitoe barabarani mpaka jaribio hilo lipite.

Inamisi (inakatakata moto) mvua ikinyesha

Kruza nyingi zina koili na viunganishi vya waya chini ya tangi. Lilipokuwa chini, tangi lilikuwa mwavuli wao. Sasa umefungua mlango mbele, na maji ya tairi la mbele yanarushwa moja kwa moja humo. Ukivuka maji ya Jangwani mwezi wa nne utaelewa. Chomoa viunganishi kimoja kimoja, kausha, angalia ukijani wa kutu ya shaba, paka grisi ya umeme, rudisha, kisha zisogeze waya juu zikae ubavuni mwa fremu na kuzifunga kwa vibanio vya plastiki. Angalia pia waya wa plagi: kama umenyooka kama uzi wa gitaa, utachomoka siku moja ukiwa mbali.

Wakazi wa Mbezi Beach, Kunduchi na Kigamboni wanaoegesha karibu na bahari wakague hivyo viunganishi kila baada ya miezi michache. Chumvi haingojei mvua.

Geji inasema uongo

Boya la geji lilipimwa tangi likiwa katika mkao wake. Likiwekwa nyuma litasoma zaidi ya ukweli, likiwekwa mbele litasoma pungufu. Halina ubovu. Usilibadilishe.

Uchafu wa kahawia kwenye filta, mwaka mmoja baadaye

Maji ni mazito kuliko petroli, yanatafuta mahali pa chini kabisa. Zamani pa chini palikuwa kwenye koki, na kidogo kidogo yalitoka. Kama koki yako iko katikati au mbele, sasa pa chini ni kona ya nyuma, ambako hakuna tundu. Maji yanakaa humo. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima, na tangi linaloachwa na mafuta nusu kwa wiki nzima linajitengenezea matone ndani kila usiku. Kutu inaanza kona hiyo na kutoboa bati kutoka ndani. Wenye matangi ya namna hii nawashauri kulitoa kila mwaka, kumwaga kila kitu, na kuchungulia ndani kwa taa ndogo ya betri. Pikipiki inayolala ndani zaidi ya kutembea, iache na tangi lililojaa.

Pikipiki za injeksheni

Sportster zilianza kutumia injeksheni mwaka 2007, na kruza nyingi za miaka ya karibuni ni hivyo. Pampu iko ndani ya tangi, na mpira unaotoka una msukumo wa karibu baa nne. Huo hauongezwi kwa kipande cha mpira wa kawaida na klipu ya kukaza kwa bisibisi; utachomoka na kumwagia injini ya moto petroli kama bomba la maji. Kama mpira wa asili haufiki, nunua seti inayokuja na mpira wake au usiinue kiasi hicho. Dalili ya pampu kukosa mafuta ni sauti: badala ya mvumo wa kawaida unasikia inalia kwa ukali, hasa mlimani. Pampu hizo hupozwa na mafuta yanayozizunguka. Ukiisikia inalia, jaza mafuta hapohapo, usisubiri taa.

Kuchagua seti

Sasa tuje kwenye kununua, ambako shida nyingi zingeweza kuishia. Mwaka wa pikipiki kwanza. Seti ya Sportster ya 2003 haikai kwenye ya 2004, kwa sababu fremu ilibadilika kabisa. Usitumie mwaka ulio kwenye kadi kama una wasiwasi nao. Soma namba ya chesisi. Kwenye Harley iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, herufi ya kumi kati ya 17 ndiyo mwaka wa modeli: 3 ni 2003, 7 ni 2007, A ni 2010.

Koki au pampu ikiwa nyuma, una uhuru wa kuinua mbele inchi moja na nusu, hata mbili. Ikiwa katikati, usizidi inchi moja. Ikiwa mbele, chukua seti inayoinua mbele na nyuma kwa pamoja, ingawa waya zitaonekana zaidi. Zile za inchi tatu sifungi kwenye pikipiki inayotembea kila siku.

Mafundi chuma wa Gerezani wanaweza kukutengenezea braketi safi kabisa ukiwapa vipimo. Tatizo huwa ni vipimo. Ukienda na picha ya simu utapewa kipande cha flatibaa chembamba chenye matundu mawili. Nenda na tangi lenyewe likiwa limekauka na mvuke umeondolewa wote, na uagize chuma cha milimita tano au sita, tundu la juu liwe refu, kingo zipigwe tupa. Aluminiamu iepuke isipokuwa ni nene na imechongwa kwenye pande moja, kwani braketi ndefu ni wenzo, na wenzo hupinda.

Kabla hujalipa hata senti, fanya jaribio la mbao. Okota mabaki ya mbao kwa maseremala wa Keko, ukate vipande vya milimita 25, 38 na 50. Acha lita mbili tu kwenye tangi. Toa bolti ya mbele, legeza ya nyuma, weka kipande cha milimita 50 chini ya mbele ya tangi. Weka simu juu ya tangi na usome digrii kwa programu ya pimamaji. Kata usukani pande zote. Kati yake na tangi kidole kipite. Pitisha mkono chini, fuata kila mpira na kila waya. Angalia sikio la nyuma limelala kiasi gani, na tangi linasukuma siti au hapana.

Kisha tenganisha mpira kwenye kabureta, uingize kwenye dumu, fungua koki kwenye rizavu, uache mpaka tone la mwisho. Toa bolti ya nyuma, nyanyua nyuma ya tangi kwa mikono miwili, msaidizi akishika usukani, mpaka tangi lilale kuelekea mbele, na upime yanayotoka sasa. Hayo ndiyo mafuta utakayokuwa unabeba kila siku bila kuyatumia. Yakizidi nusu lita, toa kipande cha 50, weka cha 25, na uanze kupima upya.